Baba alichanja, mbona figo zinamweka wodini?

Shikamoo daktari,

Naandika kutoka Temeke, nimerudi hospitali sasa hivi kumpelekea baba uji. Baba ana miaka 67, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ana presha ya muda mrefu, na kisukari kiligundulika miaka michache iliyopita. Mwaka 2021 chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa hapa nchini, mimi ndiye niliyembembeleza achanje. Kaka yangu mkubwa alipinga. Baba akachoma Janssen, na mwaka uliofuata nikampeleka tena akapata dozi ya nyongeza.

Mwezi uliopita aliugua. Ilianza homa, mwili kuuma, kisha kuharisha. Tulidhani malaria, kipimo kikasema hana. Alikuwa akimeza diklofenaki, zile anazotumia goti likimsumbua, na losartani ya presha na metformini ya sukari hakuziacha hata siku moja ingawa chakula kilikuwa hakipiti. Alipoanza kuhema kwa shida tulimkimbiza hospitali, wakampima, wakasema ni UVIKO. Kifua kilitulia mapema, oksijeni wakaipunguza mpaka wakaitoa. Ila tukaambiwa figo zimeumia. Sasa ni wiki ya tatu.

Aliingia na kreatini 298, ikapanda hadi 410, jana ilikuwa 236. Nimepekua bahasha yake ya vipimo nikakuta karatasi ya maabara ya mwaka juzi inasema 132. Wakati ule tuliambiwa tu kwamba "ipo juu kidogo".

Kitanda cha jirani alilazwa mzee wa rika lake ambaye hakuwahi kuchanja. Akaruhusiwa kabla wiki haijaisha. Kaka alisema mbele ya ndugu wote: "Asiyechanja kaondoka anatembea, baba aliyechanjwa figo zimekufa. Tunajua nani alimpeleka." Mama hakusema neno. Kaka anataka tumtoe baba tumpeleke kwa mtaalamu wa tiba asili anayesemekana kusafisha figo. Shangazi analeta madafu kila jioni ili mkojo utoke. Na baba mwenyewe ameniambia kwamba wakitaka kumweka kwenye mashine ya kuchuja damu tukatae, kwa sababu ukishaingia hutoki.

Daktari, niambie ukweli. Je, chanjo ndiyo iliyoua figo zake? Na kama chanjo inasaidia, kwa nini yeye ndiye anakaa muda mrefu?

Binti wa Mwalimu, Temeke

JIBU

Marahaba, binti yangu. Poleni sana kwa kuuguza.

Nianze na madafu, kwa sababu hilo halisubiri. Mwombe shangazi asimamishe leo hii. Najua analeta kwa upendo, na kwa mtu mwenye figo nzima dafu ni kinywaji kizuri. Lakini maji ya dafu yana potasiamu nyingi, dafu moja kubwa laweza kuzidi ndizi mbivu. Figo zilizoumia hushindwa kuitoa potasiamu mwilini, inajaa kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Moyo unaweza kusimama bila mgonjwa kuonyesha dalili ya maana kabla. Ndizi, parachichi na juisi za matunda nazo ziwekwe kando mpaka daktari wa wodi aseme potasiamu yake ipo salama. Mwambieni daktari huyo kwamba baba amekuwa akinywa madafu, na kwa kiasi gani. Hakuna atakayewagombeza, na hata kama yupo atakayefoka, mwambieni hivyo hivyo.

Na msimtoe hospitali. Kreatini iliyotoka 410 ikafika 236 ni ya mtu anayepona. Kumwondoa sasa ni kumkatisha katikati ya njia.

Sasa nikueleze hizo namba, maana humo ndimo lilimo jibu la kaka yako. Kreatini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Figo zikilegea, inapanda. Kwa mwanamume wa miaka 67, kreatini ya 132 ina maana kwamba kiwango cha uchujaji wa figo ni kama 51, kwa hesabu inayotumika siku hizi. Kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo tayari ni ugonjwa sugu wa figo. Kipimo kimoja hakitoshi kuthibitisha, lakini kwa mtu mwenye presha ya miaka mingi na kisukari, mwaka juzi mlipaswa kuambiwa mrudi kupima tena pamoja na mkojo. Hamkuambiwa, na hilo linanisikitisha. Halikuwapata ninyi peke yenu. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta takriban watu wazima 7 katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na kwa wanaoishi mjini ilikuwa kama 15. Wengi wao hawakuwa na habari. Figo haziumi. Mtu anaweza kupoteza nusu ya nguvu zake na bado akatembea kwenda msikitini au kanisani kila siku.

Kwa hiyo baba aliingia kwenye UVIKO akiwa na figo ambazo tayari zilikuwa zimepungua nguvu. Halafu vikaja vitu vingi kwa pamoja. Homa na kuharisha vilimkausha maji. Diklofenaki inabana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Losartani inalegeza mshipa wa upande wa kutokea, jambo ambalo siku za kawaida linazilinda figo zake, lakini mwili ukiwa mkavu linashusha msukumo wa kuchuja. Hivyo viwili pamoja na ukosefu wa maji ni mchanganyiko ambao sisi madaktari tunauogopa sana, hata bila UVIKO. Juu yake weka ugonjwa wenyewe: oksijeni kushuka, mwili kuwaka kwa uvimbe wa ndani, damu kuwa na tabia ya kuganda kwenye mishipa midogo. Na figo zimejaa mishipa midogo ya namna hiyo.

Je, chanjo? Nitakujibu bila kukwepa. Zimeripotiwa kesi chache za watu ambao chujio za figo zao ziliwaka baada ya chanjo za UVIKO, hasa zile za Pfizer na Moderna, na baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa figo wa aina hiyo tangu kabla. Janssen nayo ina madhara yake adimu yanayojulikana, yaani damu kuganda huku chembe za kugandisha zikiwa zimeshuka. Yote haya hujitokeza ndani ya siku au wiki chache baada ya sindano. Baba yako alichanja mwaka 2021 na 2022, akakaa miaka, akaugua mwezi uliopita, na kreatini ikapanda akiwa na homa, anaharisha na anameza diklofenaki. Mkosaji tunaye, na si sindano ile.

Kaka yako akitaka ushahidi zaidi, mwelekeze nyuma, kabla chanjo haijakuwepo popote duniani. Machi na mwanzoni mwa Aprili 2020, mtandao mmoja wa hospitali za New York uliangalia wagonjwa 5,449 waliolazwa kwa UVIKO. Asilimia 36.6 kati yao figo ziliumia wakiwa na ugonjwa huo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanja. Mwaka huo huo watafiti wa Uingereza walipitia kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17, wakakuta wenye figo dhaifu sana, chini ya 30 kwenye kile kipimo cha uchujaji, wana hatari ya kufa kwa UVIKO kama mara mbili na nusu kuliko wenye figo nzima. Virusi hivi na figo ni maadui wa tangu mwanzo.

Sasa yule mzee wa kitanda cha jirani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maneno kama ya kaka yako nayasikia kila mara, hata kwa watu waliosoma, na yanaonekana kuwa na mantiki.

Tufanye mtaa una wazee 1,000. Namba hizi nazitunga tu ili tuione hesabu. Wazee 900 wamechanja, 100 hawakuchanja. Ugonjwa ukapita mtaani. Katika wale 100, wakalazwa 10. Katika wale 900, wakalazwa 18. Ukiingia wodini utakuta waliochanja ni wengi, 18 dhidi ya 10, na utatoka ukiamini kwamba chanjo inalaza watu. Lakini asiyechanja alikuwa na hatari ya 10 kwa 100, aliyechanja 2 kwa 100.

Sasa jiulize hao 18 ni akina nani. Mzee aliyechanja mwenye figo nzima, sukari nzuri na mapafu safi, ugonjwa ulimpitia nyumbani kama mafua akanywa uji akapona. Huyo humwoni wodini. Aliyechanja na bado akalazwa mara nyingi ni yule ambaye mwili wake haukuweza kujenga kinga ya kutosha: mkongwe, mwenye kisukari, mwenye figo dhaifu, anayechujwa damu, aliyepandikizwa figo. Figo zikidhoofika, kinga nayo hudhoofika. Watu wa namna hiyo hutengeneza askari wachache baada ya chanjo, na askari hao hupungua mapema. Kwa hiyo ukiwachukua waliochanja walio wodini ukawalinganisha na wasiochanja walio wodini, unalinganisha kundi la watu wenye maradhi mengi na kundi lililochanganyika, ndani yake wakiwemo wenye afya ya kutosha. Halafu unashangaa kwamba la kwanza linakaa sana hospitali. Kinachowaweka ni yale maradhi.

Yule mzee jirani, je, unajua kreatini yake ilikuwa ngapi? Nina hakika hamjui, wala hamkupaswa kujua. Inawezekana figo zake zilikuwa nzima kabisa. Hilo lingetosha kueleza tofauti yote ya siku.

Na kuna jambo jingine kuhusu kuhesabu siku ambalo watu hawalitaji. Mgonjwa aliyefariki siku ya tatu amelazwa siku tatu tu. Kwenye daftari la wodi anaonekana ana siku chache kuliko baba yako. Mwanzoni mwa janga hili wengi waliondoka hospitali haraka kwa njia hiyo. Ndiyo maana wanaofanya utafiti juu ya muda wa kulazwa hulazimika kuwatenganisha waliokwenda nyumbani na waliofariki, la sivyo hesabu inawadanganya. Baba yako alifika akihema, kifua kikatulia, oksijeni ikatolewa, na hakuhitaji mashine ya kupumulia. Kwa mzee wa miaka 67 mwenye presha, kisukari na figo za 51, hapo mimi naiona kazi ya chanjo, ingawa kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kuthibitisha mambo yangekuwaje bila hiyo.

Mbona basi haruhusiwi? Kwa sababu mapafu na figo haviponi kwa mwendo mmoja. Mirija midogo ya figo ikiumia, chembe zake hufa na kujengwa upya, na kazi hiyo huchukua kati ya wiki moja na tatu, wakati mwingine zaidi. Wakati huo kila kitu kinahitaji kupimwa kwa uangalifu. Maji yakizidi yanarudi kwenye mapafu, yakipungua figo zinakauka tena. Dawa nyingi hutoka kupitia figo, hivyo dozi ya sindano ya kuzuia damu kuganda hupunguzwa, metformini husimamishwa, na baadhi ya antibayotiki kama jentamisini huepukwa. Huenda pia alipewa deksamethasoni, ambayo tangu Juni 2020 inajulikana kuokoa maisha ya wagonjwa wa UVIKO wanaohitaji oksijeni. Dawa hiyo hupandisha sukari, na mwenye kisukari huenda akahitaji insulini kwa muda. Kisha inapofika hatua ya kupona, figo zinaweza kuanza kumwaga mkojo mwingi kupita kiasi kabla hazijajifunza tena kubakiza maji na chumvi, na mgonjwa akiwa nyumbani bila anayepima, anakauka na kurudi wodini. Daktari anayemzuia baba mpaka aone kreatini inashuka kwa uthabiti anamfanyia wema.

Kuhusu mashine, nenda ukamweleze baba kwa upole, na ukiweza mwombe daktari awepo. Anachokijua yeye ni hali ya mtu ambaye figo zake zimekwisha kabisa. Huyo kweli huchujwa damu maisha yake yote au mpaka apandikizwe. Figo zilizoumia ghafla ni suala jingine. Mara nyingi mashine huzishikia kazi kwa siku au wiki mpaka zipone, kisha mgonjwa anatolewa. Wapo ambao figo hazirudi, sitakuficha. Lakini kwa mwelekeo wa namba za baba, huenda mashine isihitajike kabisa. Nisingependa akatae kabla hajaelewa anakataa nini.

Tiba asili. Siidharau, bibi zetu wametulea nayo. Ila figo ndizo zinazopokea kila dawa inayomezwa, ya dukani na ya porini, na dawa ya kunywa ambayo hakuna anayejua ina nini ndani wala kiasi gani, ikimkuta mtu mwenye kreatini 236, yaweza kumrudisha 400. Hakuna mti wala kidonge kinachosafisha figo zilizoumia. Zinapona zenyewe zikipewa damu ya kutosha, maji ya kutosha, na zikiepushwa na sumu.

Kesho kwenye raundi nenda na ile karatasi ya mwaka juzi. Ni karatasi yenye thamani kuliko unavyodhani, maana bila hiyo daktari hajui figo za baba zinatakiwa kurudi wapi. Pengine anasubiri kreatini ifike 90 wakati kikomo cha baba ni 132. Muulize potasiamu ya leo ni ngapi, mkojo wa saa 24 ni kiasi gani, na kama altrasaundi ya figo imefanyika; figo zilizosinyaa huonyesha ugonjwa wa siku nyingi. Akiruhusiwa, hakikisheni kreatini ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi ya ruhusa, pamoja na maelezo ya lini aanze tena losartani na metformini. Asizirudie kwa kukisia. Na diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zake wote zitoke nyumbani. Goti likiuma, parasetamoli.

Arudi kupima ndani ya wiki moja au mbili, kisha baada ya miezi mitatu. Hicho kipimo cha baada ya miezi mitatu msikiache hata akiwa anajisikia mzima kabisa, kwa sababu ndicho kitakachosema figo zimerudi wapi. Waombeni wapime na protini kwenye mkojo. Na siku yoyote atakapoharisha au kutapika tena, mpigieni daktari kabla hajameza dawa za presha na sukari. UVIKO peke yake si sababu ya kuacha losartani. Kukauka maji ndiko kunakoifanya iwe ya hatari.

Chanjo tena? Dozi za 2021 na 2022 zimeshachoka. Shirika la Afya Duniani linawaweka wazee wenye magonjwa kama yake katika kundi la kwanza la kurudia dozi, kila baada ya miezi 6 au 12. Ugonjwa wenyewe umempa kinga ya muda, kwa hiyo hakuna haraka ya wiki hii. Lizungumzeni na daktari kwenye ile kliniki ya baada ya miezi mitatu, na muulize dozi zinapatikana wapi kwa wakati huo.

Kaka yako anaogopa kumpoteza baba, na hofu inatafuta mtu wa kumshika. Usibishane naye mbele ya ndugu. Mchukue mwende wote kwenye raundi, azione namba mwenyewe, amuulize daktari kila analotaka. Wewe ulimpeleka baba yako kuchanja kwa sababu ulimpenda, na ulifanya jambo sahihi. Nakuambia hivyo kama daktari, na ningekuambia vivyo hivyo kama ungekuwa mwanangu.

Umesema mama amenyamaza. Kama naye ana presha au sukari, akija kumwona baba mpitishe maabara, apimwe kreatini na mkojo, na matokeo yake uyatie kwenye bahasha kama ile ya baba.